Sifuri ya Kichangani

Ushongo, Pangani
9 Februari 2025

Mwanangu Tahiri,

Assalamu alaykum. Marahaba nakupa mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani na njia ya Dodoma ni ndefu. Huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, linaniuma kila nikitoka majini, na la kulia limeanza kulionea huruma. Bi Hafsa amepata mjukuu wa tano, wa kike, ana sauti ya muadhini. Upepo wa juzi uliondoa nusu ya paa la jikoni, tumeliezeka upya kwa makuti ya kuombaomba. Zuwena nisalimie sana, na watoto uwabusu.

Sasa nisikilize. Nimekupigia simu mara nne. Ya nne ukanitumia ujumbe: "Shangazi niko kikaoni, kama ni jambo la serikali andika, lisiloandikwa halipo." Haya, naandika. Mimi si mtu wa kutishwa na kalamu. Darasa la saba nilimaliza, na ukatibu wa kikundi cha mwani ninao mwaka wa kumi na mbili huu.

Wiki iliyopita walikuja watu watatu na gari jeupe. Hawakubisha hodi kwa mtu. Wamepiga bikoni za mipaka zenye rangi nyekundu kuanzia mikokoni hadi kwenye minazi, pale pale Kichangani tunapoanika mwani. Moja wameichimbia katikati ya chanja yangu, wakaacha mwani uliokuwa juu yake umemwagika mchangani. Tulipokwenda kwa mtendaji wa kijiji tukaambiwa eneo lote limepangiwa sekta ya utalii. Itajengwa kambi ya mahema ya wageni, na uzio utafika maji yanapoanzia. Nikamuuliza, na sisi je? Akafungua jalada akanisomea: "Kichangani, eneo lisilo na shughuli za kiuchumi. Wakulima wa mwani: sifuri."

Sifuri, Tahiri! Tuko wanawake sitini na mmoja. Hapo ndipo tunapopanda na hapo ndipo tunapoanika. Ukitutoa hapo hatuna pengine, kwa sababu upande wa pili ni miamba na upande huu ni mahoteli yaliyotangulia. Nilimwambia mtendaji anitazame vizuri, kisha aniambie kama anaona sifuri. Akatazama dari.

Wewe uko kwenye ofisi ya mipango. Nitafutie nani aliyeandika maneno yale. Nataka jina lake tu, mengine niachie mimi.

Barua hii nampa Sele, utingo wa basi, ataiacha kituoni kwenu. Nangoja jibu la mkono wako.

Shangazi yako,
Saleha


Dodoma
16 Machi 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nisamehe kwa kuchelewa, mwisho wa robo ofisi yetu haipumui. Zuwena anafunga vizuri na anakusalimu. Mkubwa amekuwa wa tatu darasani, mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mzee. Goti ulipeleke hospitali, usilitibu kwa mafuta ya nazi peke yake.

Kuhusu jambo la Kichangani, nimeuliza. Mipango kama ile hupita kwenye mikono mingi, Shangazi, si rahisi kusema nani kaandika nini. Ila nikueleze jinsi mambo yanavyotazamwa huku, usije ukaona mnaonewa.

Uchumi wa nchi umegawanyika katika sekta. Ya kwanza ni ile inayochukua moja kwa moja kutoka ardhini na majini: kilimo, uvuvi, misitu, madini. Ya pili ni viwanda, ambavyo hubadilisha malighafi kuwa bidhaa. Ya tatu ni huduma: biashara, usafirishaji, elimu, utalii. Nchi inapoendelea, watu huhama polepole kutoka sekta ya kwanza kwenda ya pili na ya tatu, kwa sababu huko tija ni kubwa. Hilo limetokea kote duniani. Utalii unaleta fedha za kigeni, na fedha hizo hizo ndizo zinazojenga barabara na zahanati. Taifa haliwezi kwenda mbele ikiwa kila mtu ameshikilia kipande chake cha mchanga.

Najua utanikasirikia, lakini lichukue hili kama fursa. Kuna mtu nimeshazungumza naye. Kambi ikifunguliwa watahitaji mama mtu mzima, mwaminifu, wa kusimamia ufuaji wa mashuka. Ni ajira rasmi, yenye mkataba na bima ya afya. Utafanya kazi kivulini, na goti litapumzika.

Fikiria, Shangazi. Tuombeane katika mwezi huu.

Mwanao,
Tahiri


Ushongo
6 Aprili 2025

Tahiri,

Alaykum salaam. Barua yako ilifika Idi pili, nikaisoma sahani ya pilau iko mbele yangu, na pilau ikaliwa na paka. Idi yenyewe ilikuwa njema. Watu walivaa, watoto walikula mpaka wakaumwa. Mjukuu wa Bi Hafsa ameanza kucheka. Goti nimelipeleka, nimepewa vidonge vya rangi mbili.

Mashuka! Ulipoletwa kwangu kaka yangu Haji alikuwa amezikwa siku ya tatu, nawe una miaka sita na kaptura moja. Nilikuweka mgongoni nikaingia nawe majini kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukuachia. Sare zako zilitoka majini mle. Godoro ulilolalia bweni lilitoka majini mle. Leo umekuwa mkubwa unaniambia nikafue mashuka ya wageni juu ya mchanga wangu mwenyewe, halafu unataka nishukuru kwa sababu kuna kivuli. Mgeni njoo mwenyeji apone, hilo nalijua. Hili la mgeni njoo mwenyeji aondoke umelisoma chuo gani?

Na umenifundisha sekta kana kwamba mimi ni mwanafunzi wako. Nimeisoma mara tatu, nimeielewa. Sasa nihesabie mimi. Maji yakitoka naingia, nafunga mbegu kwenye kamba, navuna ulioiva. Hiyo ni ya kwanza. Nikitoka naanika, nachambua, na ukikauka tunausaga na kupikia sabuni kwenye sufuria kubwa la kikundi. Hiyo ni ya pili. Sabuni naipeleka mjini mwenyewe, na wageni wa mahoteli wakija kutazama nawapitisha kwenye kamba nawaeleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hiyo ni ya tatu. Nimehama sekta zote kabla ya adhuhuri na sijatoka Ushongo. Halafu mimi ndiye nisiye na shughuli!

Usidhani nilikaa nikikungoja. Kabla ya Ramadhani nilikwenda mjini, kwenye ofisi yenye meza mbili zinazotazamana. Bwana wa uvuvi akaniambia mwani unapandwa, kwa hiyo ni kilimo, nihamie meza ile. Bwana wa kilimo akaniambia mwani uko baharini, kwa hiyo ni uvuvi, nirudi meza ile. Nikawauliza kama niukate nusu kila mmoja achukue chake. Wakacheka sana, wakaniambia mama una vituko. Nilirudi kijijini na hasira iliyonifanya nipitilize kituo.

Sasa nakuambia jambo ninalolionea haya. Ile sifuri hata mimi nina mkono ndani yake. Mwaka juzi alipita karani, binti mpole anaitwa Elizabeti, mtu wa bara, na kishikwambi chake. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaniuliza, "Mama, shughuli yako kuu ni ipi?" Nikasema sina, nipo tu. Akauliza, "Una kamba ngapi za mwani?" Nikamwambia mwanangu, kamba gani, sisi hatuna kitu. Na kabla hajamaliza chai nilishamtuma mtu kwa Bi Hafsa: mgeni anauliza kamba, tunajibu hatuna. Nyumba zote zikajibu hivyo, kwa sababu mimi ndiye katibu na nilisema.

Unajua sababu. Kwetu mtu hataji hesabu ya kamba zake mbele ya mgeni. Hata sisi kwa sisi husema "hizi, na hizi, na zile za kule." Tangu mwaka ule mnunuzi alipopita akizihesabu kwa sauti, na wiki mbili baadaye mwani wote ukageuka mweupe ukakatika, nani angethubutu? Labda ni husuda, labda ni joto la maji kama wanavyosema wataalamu, mimi sikutaka kujaribu. Elizabeti hakuyajua hayo. Aliandika alichoambiwa, na simlaumu hata kidogo.

Lakini wewe unayajua. Ukiwa mdogo ulihesabu kamba zangu kwa sauti, ukafika kumi na nane, nikakupiga kofi mbele ya watu. Wewe ukiona "hatuna" ya Kichangani popote pale, unafahamu kwamba maana yake ni tunazo nyingi na Mungu atulindie. Kwa hiyo nenda kwa huyo aliyeandika umweleze. Kama ni mtu wa mbali asiyetujua, mwambie nimemsamehe, asahihishe tu. Kila mtu hukosea pasipo kwao.

Jina lake bado nalitaka.

Shangazi yako,
Saleha


Dodoma
20 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumai vidonge vimesaidia. Zuwena alipata homa wiki mbili, sasa ameamka. Watoto wazima. Nilikuwa safarini, ndiyo maana nimechelewa.

Nakuandikia kwa kifupi. Kutakuwa na mkutano wa hadhara hapo kijijini, Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, kusikiliza mapingamizi kabla mpango haujapitishwa. Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Malalamiko matupu hayatasikilizwa. Watataka takwimu: majina ya wakulima na idadi ya kamba za kila mmoja, zitajwe na mwenyewe, ziandikwe hapo hapo. Najua ni zito, lakini bila hivyo hakuna kitakachobadilika. Atakayekuja kutoka ofisini anaitwa Godlisten. Ni mtu mwelewa.

Mimi sitaweza kuja. Na nina ombi moja, Shangazi. Mkutanoni usinitaje. Ikijulikana kwamba nina ndugu hapo watasema napendelea kwetu, na itawaharibia nyinyi wenyewe.

Lile la nani aliandika naomba tuliache kwa sasa.

Mwanao,
Tahiri


Ushongo, Pangani
18 Juni 2025

Kwa Ndugu Tahiri Haji Athumani,

Salamu. Idi ya kuchinja imepita salama. Mkeo apone kabisa, watoto wakue. Mimi mzima.

Nakupa taarifa ya mkutano, kwa kuwa ofisi yenu hupenda taarifa.

Kwanza mjue kwamba tarehe mliyopanga ilikuwa bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, na saa mliyopanga ndiyo saa ambayo maji yanatoka na sisi tunaingia kuvuna. Siku kama hizo hatupati zaidi ya chache kwa mwezi. Anayepanga mikutano ya watu wa bahari bila kuuliza bahari inasemaje, sijui anapangia nchi gani. Hata hivyo tulikuja. Wengine walitokea majini moja kwa moja, kanga zinachuruzika, wakasimama nyuma ili wasiloweshe viti vya shule.

Godlisten ni muungwana, hilo ulisema kweli. Aliwaambia wanawake wakae, viti vitakauka. Akasoma mpango, akaonyesha ramani ukutani kwa mashine, kisha akauliza kama kuna pingamizi lenye takwimu. Wanawake sitini wakanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyewafunga midomo tangu mwaka juzi. Niliogopa, sikufichi. Niliogopa kuliko siku nilipochukuliwa na mkondo nikiwa na mimba iliyoharibika. Nilikuwa nawaza, nikitaja, na mwani ukafa, nitawatazama vipi hawa?

Nikasimama nikasema Bismillahi, Saleha binti Athumani, kamba mia na arobaini.

Bi Hafsa alijifunika uso. Godlisten akaandika, akauliza, "Mwingine?" Bi Hafsa akafunua uso akasimama. "Hafsa binti Mbwana, kamba mia mbili na kumi." Akaketi akalia, akasema hajawahi kuzitaja hata kwa mumewe. Baada ya hapo hawakukatika. Mmoja akasema kamba tisa, akaomba radhi kwamba ni chache, na watu wakamwambia kwa pamoja, taja dada, nazo ni kamba. Ilipolia adhana ya adhuhuri karatasi ya tatu ilikuwa imejaa, na maji yalikuwa yanarudi, na hakuna aliyevuna hata fundo moja siku ile.

Hapo Godlisten akakuna kichwa. Akasema, "Mama zangu, mimi nashangaa jambo moja. Ripoti hii mbona aliyeiandaa ana jina la huku huku kwenu?" Akafungua ukurasa wa mwisho ukutani, herufi kubwa kila mtu akazisoma. "Imeandaliwa na Tahiri Haji Athumani, Mchumi."

Watu waliguna. Nusu ya wale wanawake wamekubeba mgongoni. Yule wa kamba tisa ndiye aliyekushonea suruali ya kwenda sekondari. Godlisten akauliza, "Mnamfahamu?" Wote wakanigeukia mimi kungoja nijibu.

Nikakumbuka kwamba uliniomba nisikutaje. Nikasema, simfahamu.

Hakuna aliyenipinga. Wote waliinamisha vichwa, na Godlisten akafunga ripoti yake.

Miezi minne nimekuuliza jina. Miezi minne umenijibu kwa homa, safari, robo ya mwaka na mashuka. Nilisema kama ni mtu wa mbali nimemsamehe. Sasa nimelijua jina, na msamaha ule haukuwa na jina hilo.

Saleha Athumani
Katibu, Kikundi cha Mwani Kichangani


Dodoma
9 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Kama hutaitikia nitaelewa. Zuwena anakusalimu, na amenuna nami tangu aliposoma barua yako. Anasema angekuwa wewe asingeandika hata salamu.

Sina njia nzuri ya kulisema hili. Madodoso sitini na moja yalifika mezani kwangu. La kwanza nililolifungua lilikuwa lako. "Sina, nipo tu." Nilicheka peke yangu, nilisikia sauti yako kabisa, na nilijua. Yaliyofuata yote yalisema hivyo hivyo, nikajua umepita kabla ya karani. Ilikuwa kazi ya dakika moja kuandika kwamba majibu yale hayaaminiki, hesabu irudiwe.

Mkuu wangu akapita akaniona nacheka. Akaniuliza, "Unapafahamu huko?" Nikasema, "Nimewahi kupita tu."

Asubuhi ile ile, kwenye chai, mwenzetu mmoja alikuwa amesema watu wa pwani hawana shida na maendeleo, wao wanangoja nazi idondoke. Wote walicheka, nami nilicheka nao. Baada ya hapo niliona haya kusema kwamba mimi ni mtoto wa huko, na kwamba mwanamke aliyejibu "nipo tu" ndiye aliyenilea. Nikaandika sifuri. Ripoti ilipopita nikasifiwa kwamba imenyooka. Kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi kuliko iliyotangulia, nikajiambia labda ni kweli, labda kambi itawafaa, nikakutafutia ile kazi. Niliamini ninakutendea wema. Sasa nikiikumbuka barua yangu ile ya mashuka natamani ardhi inimeze.

Godlisten aliporudi aliweka karatasi tatu za majina mezani kwangu, akaondoka. Nilizisoma zote. Wengine nilikuwa nimesahau majina yao ya ubini.

Nimeandika barua rasmi kwa mkuu wangu kuomba ripoti irekebishwe na watu wahesabiwe upya. Nakala naiambatanisha uione kwa macho yako. Sijui watanifanya nini. Nimeshahamishiwa chumba cha kumbukumbu, nakaa na mafaili, na chai naletewa huko huko.

Nisamehe, Shangazi. Sistahili, lakini naomba.

Tahiri


Ushongo
24 Agosti 2025

Mwanangu Tahiri,

Alaykum salaam, na marahaba. Neno "mwanangu" nimelirudisha kwa sababu mkono umelizoea, usidhani yamekwisha. Mwambie Zuwena nampenda, na anune wiki moja zaidi kwa niaba yangu. Goti linaendelea vizuri. Mwani haujafa. Tulikuwa tukishuka majini kila siku tukiogopa kuutazama, na mpaka leo ni mzima, umenona.

Barua yako ya ofisini nimeisoma. Nakushukuru, maana imefanya kazi. Uzio umezuiwa. Juzi gari jeupe lilirudi, safari hii wakabisha hodi, wakang'oa bikoni zote za upande wa Kichangani. Za upande wa minazi zimebaki, huko wenyewe walikwisha kuuza. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda kuliziba shimo la chanja yangu kwa mikono.

Lakini nina neno. Kwenye barua hiyo umeandika kwamba umegundua kosa baada ya kupata "taarifa za ziada kuhusu eneo husika." Nimeisoma yote, mbele na nyuma, nikitafuta pahali uliposema kwamba ni kwenu. Hapapo. Mimi ndiye taarifa za ziada, Tahiri? Godoro lile ni taarifa za ziada? Umelirekebisha kosa la hesabu, na lile lingine, lililozaa la hesabu, umelipaka rangi. Umeniandikia mimi ukweli kwa faragha kwa sababu mimi naujua tayari. Wanaopaswa kuusikia hujawaambia. Hilo linanikera mpaka leo, nikiwa natwanga, nikiwa naswali.

Wiki hii Elizabeti alikuja kutuhesabu upya. Amenenepa kidogo, ameolewa. Tulimtajia kamba, sabuni, magunia, kila kitu, mpaka akatuomba tupunguze mwendo. Dodoso hili jipya lina maswali zaidi. Moja linauliza shughuli hii imesomesha watoto wangapi katika kaya, majina yao ni nani, na sasa wanafanya kazi gani. Bi Hafsa alitaja wanne: nesi, mwalimu, fundi umeme na wa Horohoro kwenye forodha, na kila jina alilitaja kwa kidole juu.

Ilipofika zamu yangu nikasema mmoja. Elizabeti akaandika moja, akauliza jina.

Nimekwisha kusema mbele ya kijiji kizima kwamba simfahamu, na sitabadili kauli chumbani, na binti wa watu, mlango umefungwa. Nikamwambia mstari huo auache wazi. Hesabu mpya itasomwa kwenye mkutano, Jumamosi tarehe 13 Septemba, mtu mmoja mmoja, na mkuu wako wa ofisi amesema atakuja mwenyewe. Mwenye jina akitaka liandikwe, aje alitaje hapo kwa mdomo wake, watu wakiwa wamekaa.

Asipokuja, Elizabeti anasema utaratibu wao ni mmoja: anarudi kwenye ile moja, anaikata, anaandika hakuna.

Saleha